Je, Wajua? Pengo la Mbele na Vituko Vyake

Sogea hapa benchini, shika kikombe chako, cheka kidogo nikuone. Hapo hapo, usifunge mdomo! Meno yaliyotangulia kunisalimia ni 6 tu ya juu: 4 ya mbele na 2 ya chonge. Leo ni siku yao, hasa pale mmoja wao anapoaga wenzake.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina majina mawili ya uwazi wa mbele, na ukiyachanganya unaweza kununiwa mwaka mzima? Mwanya mtu huota nao, na watu huusifia. Pengo huja baadaye, kwa koleo au kwa pikipiki.

Ndiyo maana daktari wa meno makini, kabla hajakutengenezea meno bandia, atakuuliza: ulikuwa na mwanya? Ukisema ndiyo, fundi anaurudisha mahali pake. Yaani umekwenda kuziba uwazi, umerudi na uwazi mwingine, na bado unachekelea njia nzima!

Je, wajua kwamba jino lako la mbele ni kama mawe ya Capri Point hapa Mwanza, sehemu kubwa imezikwa? Jino la mbele la juu lina urefu wa karibu milimita 23. Unazoziona kwenye kioo ni kama 10 tu. Zilizobaki ni mzizi.

Tabaka jeupe la nje ya jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwako, kigumu kuliko mfupa. Asilimia 96 yake ni madini matupu. Ajabu yenyewe ni kwamba halina chembe hai hata moja, kwa hiyo mfupa ukivunjika huunga, lakini jino likimeguka ndiyo limemeguka.

Umewahi kutafuna dagaa ukagonga punje ya mchanga, ukashtuka mpaka kisogoni? Si uzembe wa mwanikaji peke yake. Meno ya asili hunasa kitu chenye unene wa sehemu 2 kati ya 100 za milimita, chembamba kuliko unywele wako! Kazi hiyo hufanywa na nyuzinyuzi zinazoushika mzizi kwenye mfupa, na jino la kupandikiza halina nyuzi hizo. Punje ile ile mwenye nalo inaweza kumpita hivi hivi.

Sasa sema “furu”. Umehisi? Meno ya juu yamegusa mdomo wa chini. Bila meno hayo samaki wetu anageuka upepo mtupu. Na “fedha” ndiyo usijaribu kabisa: ina f, ina dh, hasara mara mbili katika neno moja.

Daktari anaujua mchezo huo. Anakuvika meno ya majaribio yaliyopangwa kwenye nta, kisha anakutaka useme maneno yenye f na v. Meno marefu mno yanachimba mdomo, mafupi mno yanavujisha hewa. Halafu unahesabu “sita, sitini, sitini na sita”, yeye ametega sikio asikie kama s inapiga filimbi. Ukipita mtihani huo ndipo nta inageuzwa kuwa meno ya kweli.

Na hili? Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba sauti za f na v zilienea duniani baada ya watu kuanza kilimo. Watu wa kale walitafuna vigumu mpaka meno ya juu na ya chini yakakutana ncha kwa ncha. Chakula laini kikayaacha ya juu yatangulie mbele. Ukisema “furaha”, basi, mshukuru aliyesonga ugali wa kwanza.

Kisia: ng'ombe ana meno mangapi ya mbele upande wa juu? Sifuri! Chini anayo 8, juu ana ufizi mgumu tu, na majani anayakata vilevile. Ukienda mnadani utamwona mfugaji akimfunua mdomo asome umri, maana jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka ng'ombe akiwa na karibu miaka 2. Muuzaji anaweza kudanganya. Meno hayadanganyi.

Na pembe ya ndovu? Si pembe! Ni jino la mbele la juu lililokataa kuacha kukua. Tembo wa Serengeti, hapo jirani, anatembea na meno yake 2 ya mbele nje ya mdomo, sisi tunamsingizia pembe.

Je, wajua kwamba kiboko, huyu huyu anayewatoa jasho wavuvi wetu, amewahi kumpa rais meno? George Washington alipoapishwa kuiongoza Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino 1 tu la kwake. Meno bandia aliyovaa yalichongwa kwa meno ya kiboko na kuchanganywa na meno ya binadamu. Ile hadithi kwamba yalikuwa ya mbao ni uongo mtupu.

Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa uwanjani, yakauzwa, yakaingizwa kwenye meno bandia ya matajiri. Ya mbele ndiyo yaliyogombewa. Watu walikula nayo chakula cha jioni wakayaita “meno ya Waterloo”, bila aibu!

Mwaka 1931 huko Honduras lilifukuliwa taya la mtu wa karibu mwaka 600. Meno 3 ya mbele ya chini yalikuwa yamepandwa upya kwa vipande vya kombe vilivyochongwa umbo la jino. Picha za eksirei zilipopigwa miongo kadhaa baadaye, zilionyesha mfupa ulikuwa umekua kuvizunguka. Fundi huyo hakuwa na umeme, hakuwa na ganzi ya sindano, hakuwa na chuo. Mgonjwa wake alikuwa na moyo!

Turudi nyumbani, Olduvai. Taya moja la juu la pale, lenye umri wa miaka milioni 1.8, lina mikwaruzo midogo kwenye meno ya mbele. Mwaka 2016 watafiti walisema mwenye taya alibana nyama kwa meno, akaivuta kwa mkono mmoja, akaikata kwa jiwe kwa mkono wa kulia, na jiwe likawa linateleza. Meno ya mbele yametunza siri ya mkono kwa miaka milioni 1.8!

Olduvai hiyo hiyo, mwaka 1913, Mjerumani Hans Reck alifukua mifupa ya mtu ambaye meno yake ya mbele ya chini yalionekana kama yamechongwa kwa tupa. Zaidi ya miaka 100 watu walirudia maneno hayo. Mwaka 2020 uchunguzi mpya ukaja na jibu jingine: yalisagwa taratibu na mapambo yaliyochomekwa mdomoni na mashavuni. Urembo nao una gharama zake.

Je, wajua kwamba si kila pengo ni ugonjwa? Wajaluo, pamoja na wale wa kwetu Rorya, zamani walimng'oa kijana meno 6 ya mbele ya chini, akahesabiwa kuwa amekua. Wamasai walitoa 2 ya katikati. Wazee husimulia kwamba pengo hilo lilikuwa mlango wa uji siku pepopunda ikifunga taya. Kwa hiyo daktari anayekutana na babu wa Rorya asikimbilie kupima meno bandia. Aulize kwanza: babu, hili ni pengo au ni alama?

Mapengo ya siku hizi yana njia nyingine. Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando, ile juu ya kilima, walichapisha utafiti wa majeraha ya uso na taya. Zaidi ya nusu yalitoka kwenye ajali za barabarani! Na kumbuka, helmeti isiyofunika kidevu inalinda fuvu. Meno inamwachia Mungu.

Hapa weka kikombe chini kabisa, maana hili wengi hawalijui. Jino la kudumu likiruka zima zima kutoka mdomoni, linaweza kurudishwa shimoni likaishi! Liokote kwa kushika upande mweupe, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa, usilisugue, kisha lirudishe mahali pake pale pale, uume kitambaa safi, ukimbilie kwa daktari.

Dakika 5 za kwanza ni dhahabu. Jino likikaa kavu dakika 60, zile nyuzinyuzi za mzizi huwa zimeshakufa karibu zote. Mtu anafika na jino kwenye karatasi ya maandazi, amelifunga vizuri, kavu kama michembe. Nia njema, jino maiti.

Huwezi kulirudisha mwenyewe? Litie kwenye maziwa baridi. Ndiyo, maziwa haya haya! Chembe za mzizi huweza kuishi humo kwa saa kadhaa. Maji matupu, ya bomba au ya ziwani, huzivimbisha zikapasuka. Kumbe mama muuza maziwa wa mtaani anatembea na huduma ya kwanza kichwani, hajui.

Kisha daktari analifunga jino hilo kwa jirani zake kwa uzi mwembamba wa chuma unaonesanesa. Si chuma kigumu, la hasha, jino linatakiwa litikisike kidogo. Wiki 2 tu, mara nyingi, uzi unatoka.

Na likivunjika kipande je? Tafuta kipande! Kikiwa kizima, daktari anaweza kukigandisha pale pale kilipotoka kwa gundi maalumu na taa ya buluu ya sekunde kama 20. Hakuna plastiki inayolingana na jino lako kama kipande chake chenyewe.

Lakini la utotoni likiruka, liache. Ukilisukuma ndani unaweza kuliharibu jino la kudumu linalosubiri chini yake. Lirushe juu ya bati kama tulivyofanya sote, yaishe.

Sasa ule msemo: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Ndugu yangu, ng'oa uone! Katika mwaka mmoja tu baada ya kung'oa, unene wa mfupa wa mahali pale hupungua karibu nusu. Theluthi mbili za upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Mfupa wa taya ukikosa jino la kushika unajiondokea zake, na mdomo unazama pale pengo lilipo. Ndiyo maana tiba ya pengo la mbele hupangwa kabla ya kung'oa, si baada ya harusi kutangazwa.

Je, wajua kwamba meno bandia ya plastiki na madirisha ya ndege za kivita ni ndugu? Plastiki hiyo ilianza kuingia midomoni miaka ya 1930, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa angani ikiwakinga marubani. Leo jino moja la mbele linaweza kukaa kwenye kibao kidogo chenye umbo la kijiko, bila waya hata mmoja. Mate na kaakaa ndivyo vinavyolishika! Usiku likitoka linalala kwenye maji, kwa sababu likikauka hupinda.

Mwaka 1952, Msweden Per-Ingvar Brånemark alifunga kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura ili atazame damu inavyopita. Alipotaka kukitoa, hakitoki! Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 akampandikizia titani mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na Larsson alipofariki mwaka 2006 meno yale yalikuwa bado mahali pake. Miaka zaidi ya 40, shukrani kwa sungura mmoja king'ang'anizi.

Mbona basi kijana wa miaka 13 mwenye pengo hapandikizwi jino la titani kesho asubuhi? Kwa sababu titani halikui! Taya linaendelea kushuka na meno jirani yanashuka nalo, lile la chuma linabaki juu peke yake kama aliyeachwa na meli. Daktari anampa jino la kuvaa au la kugandisha, na wote wanasubiri taya limalize kukua.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo ninapopapenda. Tangu Juni 2025 tuna daraja letu la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Mdomoni nako kuna daraja: jino la katikati linaning'inia, na meno ya pembeni ndiyo nguzo. Daraja la meno 3 ya mbele lina karibu milimita 24. La Busisi ni refu zaidi ya mara 100,000!

Lakini nguzo za mdomoni zinalipa. Ili zivalishwe kofia za kushika daraja, meno jirani husagwa, na vipimo vya mwaka 2002 vilionyesha kwamba sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi inaweza kupoteza asilimia 63 hadi 72. Jirani mzima anachongwa kwa ajili ya mwenzake aliyekufa. Hiyo si haki, nami nasema waziwazi.

Ndipo likaja daraja la mabawa. Jino bandia linashikiliwa na bawa jembamba linalogandishwa nyuma ya jino jirani, bila kusaga au kwa kusaga kidogo sana. Sasa kisia: bawa 1 na mabawa 2, lipi hudumu? Wahandisi wa Busisi wangenicheka, lakini jibu ni bawa 1!

Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011 ulipima madaraja ya mbele ya kauri kwa miaka 10. Ya mabawa 2 yaliyodumu yalikuwa asilimia 73.9. Ya bawa 1, asilimia 94.4! Sababu ni kwamba kila jino hucheza kidogo kwa upande wake, kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwenye mawimbi. Kamba moja lazima ikatike.

Na gundi ya mabawa hayo imetoka wapi? Kwenye rangi! Michael Buonocore, Mmarekani, aliona viwandani chuma kikipakwa asidi ili rangi ishike. Mwaka 1955 akapaka asidi hiyo kwenye jino kwa sekunde 30, na plastiki ikang'ang'ania. Ukiona kijana amegandishiwa jino la mbele, umeona kazi ya fundi rangi.

Je, wajua kwamba “nyeupe” ya meno si moja? Kibao maarufu cha kulinganishia kina rangi 16. Nayo huchaguliwa mwanzo kabisa, mdomo ukiwa bado na mate, kwa sababu jino likikauka dakika chache tu hugeuka jeupe zaidi. Chagua umechelewa, na jino lako jipya litang'aa peke yake kama taa ya karabai usiku ziwani.

Kuna wanaotaka jino la kahawia, na si utani. Mojawapo ya maziwa ya Momella, Arusha, limewahi kupimwa floridi miligramu 690 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 1.5. Aliyekulia kwenye maji yenye floridi nyingi ana meno yenye madoa. Fundi mzuri huyachora madoa hayo kwenye jino bandia, moja baada ya jingine, ili lisijulikane.

Ukienda kupangiwa tiba, beba picha yako ya zamani. Daktari huitumia kuona jino la marehemu lilikaaje: limepinda, limepanda, limesogea. Ya kitambulisho haifai, pale sote tumefunga mdomo kama tumenuniwa na serikali. Leta ya harusi, ile ya wakati wa keki.

Miaka ya 1980 ulienea nchini uvumi wa “meno ya plastiki”. Kichanga akihara na kupata homa, watu walichokonoa ufizi wake wakatoa kitu cheupe, laini. Kilikuwa chipukizi la jino lake la chonge! Miaka ikapita, jino la kudumu la mahali pale likatoka limedumaa au lisitoke kabisa, na daktari wa leo bado anakutana na mapengo ya uvumi ule.

Lakini miaka hiyo hiyo ya 1980 Tanzania iliipa dunia zawadi. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, bila mashine ya kukereza, ilianzishwa hapa hapa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Jino linazibwa chini ya mwembe, na pengo halizaliwi!

Je, wajua kwamba pengo la nyuma linaweza kuachwa lilivyo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Tanzania na Uholanzi waliwapima Watanzania waliopoteza baadhi ya magego. Wengi walitafuna vizuri tu, ilimradi meno yaliyo mbele ya magego yamebaki na jozi moja ya magego inakutana. La mbele, hata tumbo lisipolalamika, kioo kinalalamika. Wajapani nao tangu 1989 wana kampeni yao ya 8020: fika miaka 80 ukiwa na meno 20. Nimehesabu yangu usiku kwa ulimi. Wewe hesabu ukifika kwako.

Mamba wa Ziwa Victoria, ziwa letu hili, anatucheka sote. Hadi afikie urefu wa mita 4, kila tundu la taya lake huwa limebadilisha jino zaidi ya mara 40. Binadamu tunapewa mara 2, la utotoni na la ukubwani, basi!

Na furu, yule tuliyemtaja? Ziwa hili lina au limewahi kuwa na aina zaidi ya 500 zake, zilizochipuka ndani ya miaka isiyozidi kama 15,000, na kila aina ina meno ya kazi yake: ya kukwangua mawe, ya kuvunja konokono, ya kung'oa magamba ya wenzake. Jino likitoka, jingine limeshajipanga nyuma yake. Na huko kooni ana taya la pili, lenye meno yake kamili! Umemkaanga mara ngapi mtaani Kirumba bila kumwangalia kooni? Haya, malizia kahawa, kisha sema tena jina lake, niisikie hiyo f.